Jinsi Nilivyomponza Bahati Mlimani

Ile picha mliyoiona kwenye kundi letu la simu, nimeshika ngazi ya chuma huku nikitabasamu kama mgombea udiwani, imeniletea maswali mengi kuliko siku niliyooa. Wachache nimewajibu kwa mdomo, na kila niliyemjibu nilimpunja. Mdomo wangu una tabia ya kuangalia sura ya msikilizaji kisha kuruka kipande. Karatasi haina sura, kwa hiyo naandika.

Wengine mmekuwa mkimtania Bahati kwenye kundi hilohilo, mkimwita Kiongozi Mpoteza Watu. Someni hadi mwisho kisha mlihamishe jina hilo.

Jeppestown

Mnanijua. Nina miaka kumi na moja katika jiji hili la Johannesburg, na safari yangu ndefu ya kila siku ni kutoka kitandani hadi kwenye cherehani, vitu viwili vilivyotenganishwa na pazia. Soweto nimefika mara tatu, zote kwa misiba. Mtu akiniambia twende tukanyooshe miguu, huwa namjibu kwamba yangu haijakunjika.

Bahati ni Mkongo wa Bukavu. Analinda geti la jengo moja la maghorofa kule Randburg, zamu ya usiku, mwaka wa tisa huu. Tulijuana kwa sababu ya suruali. Sare za walinzi hukatwa kwa vipimo vya mtu ambaye hajazaliwa, na yeye aliniletea yake niipunguze kiuno. Tangu hapo kila Alhamisi anapita dukani, anakunywa chai yangu na kuniita mtu wa pango. Jumamosi zake anapanda vilima na klabu moja ya watembea milimani inayoitwa Kisigino. Ilianzishwa na Wakenya wa maofisini, watu ambao wiki nzima wanalipwa kukaa, Jumamosi wanalipa wenyewe wasimame. Baadaye wakaingia Wakongo, Watanzania wawili watatu na Mrundi mmoja. Bahati alianza na buti za kazini. Baada ya miaka miwili hakuna kilima kinachoizunguka Johannesburg ambacho hajakikanyaga.

Mwaka huu akapata mtihani. Kampuni moja ya kutembeza wageni ilimwambia alete cheti cha kuongoza msafara mlimani, kazi ipo, tena ya mchana. Uzito wa neno hilo anaujua mtu aliyelala miaka tisa jua likiwaka. Binti yake Furaha, akiambiwa shuleni achore familia yake, mama humchora anapika, na baba humchora amelala.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: aongoze watu kumi na moja hadi juu ya Drakensberg na awarudishe, huku mtahini akitembea nao bila kusema kitu. Siku mbili kabla ya safari mtu mmoja akajitoa.

"Fundi," Bahati akaniambia, kikombe mkononi. "Niko na batu kumi. Minaomba weye."

"Mimi napanda kitanda tu. Na chenyewe kifupi."

"Ni mara moja. Kisha utarudia ku mashine yako."

"Nitakuchelewesha, ndugu yangu. Nitakuharibia."

"Njo maana ninakutaka. Kila msafara iko na mkia. Mkia anatembea wa mwisho, hapiti mtu, haachi mtu nyuma yake. Batu wenye mbio hawawezi hiyo kazi." Akanywa funda moja. "Na tena ni kazi ya mtu mwenye ninaamini."

Mke wangu akapaza sauti kutoka nyuma ya pazia: "Shemeji, mchukue. Ukimrudisha bila hilo tumbo, shati lako la cheti nakushonea mimi."

Ndivyo nilivyopatikana. Yaliyobaki, nani aliandikisha nini na wapi, mtanisamehe, hata mimi sikuyafuatilia.

Barabarani

Tuliondoka Ijumaa mchana kwa basi dogo la kukodi. Wenzangu walibeba mifuko myembamba iliyowakaa mgongoni kama ngozi ya pili. Mimi nilibeba mto wa kulalia, chupa ya chai, chapati kumi na mbili, mwavuli, na kopo langu la sindano na nyuzi, maana huwezi jua.

"Fundi, unahamia?" akauliza dada mmoja aliyekaa mbele yangu. Huyo alikuwa Njeri, Mkenya anayefanya kazi benki, mcheshi, simu haimtoki mkononi. Alipiga picha mto wangu, akapiga na chapati zangu, kisha akala mbili.

Kwenye kiti cha pembeni alikaa mama wa Kisotho, mwembamba, kofia ya jua, miaka sabini hivi. Nikadhani ni bibi wa mmoja wetu, ameletwa apunge upepo. Kwa malezi niliyopewa nikamwambia, "Mama, leta mfuko nikubebee." Akanikabidhi bila neno. Niliuinua hadi magotini, ukarudi sakafuni. Akauchukua kwa mkono mmoja na kuuweka juu ya rafu. Bahati akanong'ona kwamba huyo ni Mme Palesa, "mme" kwa Kisotho ni mama, mwalimu wa michezo mstaafu, na ndiye mtahini. Kiswahili hakijui. Ana daftari lenye jalada gumu lililofungwa kwa mpira, na likifunguliwa, kuna mtu anapimwa.

Kabla ya kufika Warden barabara ilifungwa upande mmoja, wanaikarabati. Mwanamke mwenye kibao, chekundu upande mmoja na kijani upande wa pili, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na nyuma yake kilomita nzima ya magari imetulia kama ng'ombe mnadani. Tulikaa pale karibu saa nzima. Watu wakashuka. Nami nikashuka, kwa kuwa dereva alizima injini na joto likaanza kutupika. Nikampelekea yule mama wa kibao chapati. Akala nusu, nusu akaiweka mfukoni, akaniuliza kwa Kizulu tunaenda wapi. Kizulu changu ni cha kupima viuno na kukubaliana tarehe, lakini hilo nilielewa. Nikaonyesha kusini, kwenye milima. Akauliza kuna nini huko.

Ni kweli, kuna nini huko? Nikamgeukia Bahati.

"Kazi," Bahati akamjibu kwa Kizulu chake cha getini. Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akainua upande wa kijani.

Harrismith tulisimama kujaza mafuta. Niliomba chai ya maziwa. Nikapewa kikombe cha maji moto, kifuko chekundu cha majani yasiyo majani ya chai, na maziwa ya kuoshea kidole. Nilivichanganya vyote nikapata kitu chenye rangi ya tofali na ladha ya dawa ya kikohozi. Njeri alipiga picha uso wangu nikinywa.

Chini ya mlima

Tulipita Phuthaditjhaba jua linazama, mji mrefu uliotandazwa kwenye mabonde, na wanaume waliojifunika mablanketi wakituangalia kama wanaoangalia watu waliochanganyikiwa lakini hawana madhara. Kisha barabara ikaanza kupanda, na masikio yangu yakaziba.

Penye nyumba ya wageni mwangalizi alinipokea mimi kwanza. Akatazama mto wangu na mwavuli wangu, akatazama wenzangu waliovaa kimilima, akafanya hesabu zake. Akaniongoza peke yangu hadi chumba cha madereva, chenye hita na blanketi tatu. Sikumsahihisha. Dereva halisi alilala na wenzangu kwenye vitanda vya juu na chini, chumba ambacho upepo ulikuwa na ufunguo wake. Asubuhi nilipokiri walicheka sana, Bahati kuliko wote. Leo nikikumbuka jinsi nilivyonyamaza vizuri pale mlangoni, sicheki.

Kabla ya kulala Bahati alitukusanya akatugawia namba. Moja hadi kumi na moja, kwa mpangilio wa kutembea. Kila kituo yeye atasema "Hesabu," na kila mtu ataita namba yake kwa sauti. Kwa Kiswahili. "Baridi ikikukamata," akasema, "Kiingereza njo kinaganda kwanza." Wakacheka, na Mme Palesa akauliza wanacheka nini. Bahati akamtafsiria, naye akafungua lile daftari akaandika. Njeri alikuwa kumi. Mimi kumi na moja, nikafungiwa utepe wa rangi ya chungwa kwenye mfuko ili mkia uonekane hata ukizama.

Kupanda

Njia inaanza kwa upole, kama mkopeshaji. Inazungukazunguka kwenye majani, unaangalia bonde, unasema kumbe ni hili tu. Baada ya saa moja nilikuwa nimevua koti, sweta na heshima. Njeri alibaki karibu nami kwa kuwa kila ua lilihitaji picha tatu, nami nilimshukuru moyoni, maana mtu akisubiri mpiga picha haonekani kama anayehema.

"Fundi, pole."

"Pole ya nini? Nakusubiri wewe."

"Aki wewe ni muongo. Hata mwavuli wako unahema."

Kila kituo Bahati alisimama juu ya jiwe akasema "Hesabu," na namba zikashuka kwenye mstari kama ndoo zinazopokezanwa, hadi zikanifikia. Nilikuja kuipenda sauti yangu pale mwisho. Kumi na moja. Ikishatoka hiyo ndipo msafara unaondoka. Hakuna mahali pengine duniani ambapo watu wamewahi kusubiri neno langu ndipo waende.

Kisha tukafika kwenye ngazi. Ukuta wa mwamba umesimama wima, na juu yake zimetundikwa ngazi mbili za minyororo sambamba, vyuma vinavyolia ukivigusa. Nilimwangalia Bahati, yuko juu tayari. Wenzangu wote walishapanda, Njeri naye, na mkia hauruhusiwi kubaki. Nilipanda kama vipandio kumi hivi nikaganda. Nikabaki nikitazama miguu yangu na bonde lililokuwa chini yake.

Bahati akashuka kwenye ngazi ya pili hadi usawa wangu. Hakunishika.

"Fundi. Usitazame miguu. Tazama mukono yako. Weye ni mushonaji, unajua kutazama mukono."

Nikatazama mkono. Nikauhamisha. Nikatazama wa pili. Tulipanda sambamba hivyo hadi juu, yeye akizungumzia suruali, kwamba ile ya kijivu imeachia mshono, kama nitaitengeneza kabla ya Jumatatu. Nilipoinua uso, Njeri alikuwa amelala kifudifudi ukingoni na simu. Ndiyo ile picha. Tabasamu lile ni la kweli, na lilikuwa la mwisho siku hiyo.

Juu

Juu ni tambarare. Mtu hategemei. Umepanda ukuta, unadhani utasimama kwenye ncha ya kitu, kumbe ni mbuga ya majani mafupi yenye kijito kinachotembea bila haraka, hakijui kwamba mbele yake dunia inakwisha. Tulikifuata hadi mahali kinapoangukia. Sitawaelezea maporomoko yale. Nilikaa mbali na ukingo, nimeshika majani kwa mikono miwili, na hata hivyo nilihisi kitu kikifunguka kifuani ambacho sikujua kilikuwa kimefungwa. Nilifikiria miaka kumi na moja ya pazia.

Tulikula pamoja, mayai ya kuchemsha, githeri ya Njeri, dagaa za Mrundi, na chapati zangu sita zilizonusurika. Mme Palesa alikula moja, akaomba ya pili, na alipokuwa akitafuna alimwambia Bahati neno kwa Kiingereza, taratibu, ambalo wote tulilisikia: kwamba ana miaka mingi hajamwona mtu akimpandisha mwoga vizuri vile. Bahati aliinamisha kichwa akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Ilikuwa imefungwa.

Ukungu ukaja. Haukushuka kutoka juu kama ninavyoujua wa kwetu. Ulipanda kutoka bondeni, ukaruka ukingo na kututembelea kwa miguu. Bahati akasimama mara moja. "Tunashuka sasa. Batu wote, dakika mbili."

Njeri akaniinamia. "Fundi, nimebanwa. Naenda nyuma ya mawe yale, na picha moja ya kijito. Akihesabu nikichelewa, niitikie. Nakuja mbio."

"Nenda."

Sasa hapa nisimame kidogo, maana ndipo penyewe. Waliosoma shule za bweni watanielewa kabla sijamaliza. Kwetu jioni tulihesabiwa namba mstarini, na mwenzako akiwa ametoroka kununua mihogo, unaitika ya kwake kwa sauti nyembamba na ya kwako kwa sauti nene. Asiyefanya hivyo aliitwa msaliti, na hakupewa mhogo. Njeri alilelewa hivyohivyo kwao. Hatukuhitaji kuelezana. Miaka ishirini na tano nimetoka shuleni, historia imenitoka, hesabu zimenitoka, lakini hilo lilikuwa bado lipo kwenye ulimi, tayari.

"Hesabu," Bahati akasema.

Moja. Mbili. Zikaja, kila moja ikitoka kwenye weupe. Tisa.

Nikasema, kwa sauti nyembamba: "Kumi." Kisha, kwa sauti yangu: "Kumi na moja."

Nikasikia viatu vya Bahati vikigeuka juu ya jiwe. Kisha Bahati akasema, "Twende."

Ukungu

Kazi ya mkia ni moja. Haachi mtu nyuma yake. Nilijua. Kwa hiyo nilibaki nimesimama nikiangalia yale mawe, nikisema sasa hivi atatokea. Nilisubiri muda wa kupinda suruali mguu mmoja. Niliita "Njeri" mara mbili, si kwa nguvu, nisije nikasikika mbele kwamba namwita mtu ambaye nimeshasema yupo. Nikageuka. Mgongo wa namba tisa ulikuwa kivuli, kisha nusu ya kivuli. Nikaogopa. Si kumwogopea Njeri. Nilijiogopea mimi, kubaki peke yangu mahali pale. Nikaufuata ule mgongo kwa mbio ndogondogo, nikijiambia kwamba dada yule ana miguu mepesi, atatufikia.

Juu ya ngazi Bahati akasema tena "Hesabu." Tisa ikaita. Nilitazama nyuma kana kwamba ningeweza kumshona pale kwa macho. Kisha nikasema, "Kumi hayupo."

Jinsi nilivyolisema, mtu angedhani ameyeyuka dakika hiyohiyo.

Bahati alinitazama. Sikuweza kuusoma uso wake, na sikujaribu sana. Akaongea na Mme Palesa kwa Kiingereza kifupi, akatukalisha wote mgongo kwa mgongo, akachukua firimbi na kamba, akarudi kwenye ule weupe peke yake. Kwa muda tulisikia firimbi. Kisha hatukuisikia.

Tulikaa karibu saa mbili. Baridi iliingia kwa kila tundu la nguo, nami ninayajua matundu yote ya nguo. Mme Palesa alitupitishia mkate, akatusimamisha, akatukalisha, akatusimamisha. Nilifungua mwavuli nikawafunika wanawake wawili, na mmoja akaniambia Mungu akubariki, Fundi. Nilitamani anitukane.

Walipotokea walikuwa watatu. Bahati, Njeri amejifunika blanketi lisilo lake, na mwanamume wa makamo mwenye fimbo na mbwa wawili, mchunga kondoo kutoka upande wa Lesotho. Njeri alikuwa amezunguka mawe upande usio wenyewe na kuanza kutembea kuelekea ukingoni, akidhani anatufuata. Mbwa ndio waliomkuta. Yule bwana alipojitokeza kwenye ukungu, Njeri alidhani anaibiwa, akamnyooshea simu mwenyewe. Bwana akadhani anaombwa ampige picha. Akampiga. Picha hiyo Njeri anayo, analia, mikono ameinua, kijito kiko nyuma yake, na imetoka vizuri kuliko zote alizopiga siku ile. Kutoka pale aliposimama hadi ukingoni, Bahati alituambia baadaye, ni hatua ishirini.

Tulimpa mchungaji chapati zilizobaki. Akazinusa, akampa mbwa kipande kwanza aone.

Mme Palesa alifungua daftari. Hakupandisha sauti. "Kule kwenye maporomoko, nani alihesabu?"

"Mimi," Bahati akasema.

"Na huyu dada alikuwepo?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Mdomoni nilikuwa na yai. Ningeweza kulimeza na kusema neno moja. Nilitafuna. Nililitafuna yai lile mpaka likawa maji.

"Nilihesabu mubaya," Bahati akamwambia, kwa Kiingereza chake kilichopinda. "Ni kosa langu."

Akaandika. Akafunga mpira.

Kurudi

Tulishuka salama, sina la kusimulia. Jumapili kwenye basi hakuna aliyetania. Njeri alihama kiti akakaa karibu nami.

"Uliniitikia?"

"Si uliniambia."

"Nilisema nikichelewa, Fundi. Sikusema nikipotea."

Kisha akasema na yeye ana makosa, hataki nibebe yote, na akaangalia dirishani hadi Villiers.

Hapo tulisimama watu wanyooshe miguu. Bahati alikuwa kwenye ukuta wa choo cha kituo cha mafuta, anakula karanga. Nikamwendea. Nilikuwa nimepanga hotuba tangu Harrismith.

"Bahati, ile namba kumi kule juu. Ni mimi niliyeitika."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Palepale." Akamenya karanga, akanipa. "Sauti yako siijui? Weye unaiga mwanamke kama mbuzi."

"Sasa kwa nini ulisema twende?"

Akatafuna kwanza. "Nilisema, kama Fundi njo anaitika, basi anamuona. Iko karibu yake, pengine anavaa, anasikia haya kuita. Fundi hawezi kuniitikia mtu mwenye haiko."

Nikamwambia samahani. Akasema sawa. Nikamwambia ningepaswa kusema mbele ya mtahini. Akasema, "Hiyo pia ni kweli," akakunguta maganda, akapanda basi. Hakuwa amekasirika. Nimemwona Bahati amekasirika, ana kelele. Hii haikuwa na kelele.

Wiki iliyofuata nilitoka Jeppestown kwa hiari yangu, jambo ambalo mke wangu alilitangaza kwa majirani, nikamtafuta Mme Palesa nyumbani kwake. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, hatua kwa hatua. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipa chai ile nyekundu. Akasema anashukuru nimekuja, na kwamba haibadilishi kitu. Anayeongoza anahesabu kwa macho. Masikio ni ya kusaidia tu. Bahati anaruhusiwa kurudia mwakani. Ile kampuni haikusubiri mwakani, nafasi yake imepewa mtu mwingine. Analinda geti bado, na analala jua likiwaka.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Kwa hiyo lile jina la Mpoteza Watu liondoeni kwake. Mkiona haya kuniita mimi usoni, niiteni nyuma ya pazia, nitasikia.

Bahati bado anakuja Alhamisi. Juzi alikuja na suruali ile ya kijivu, mshono umeachia tena. Amepata tarehe ya mtihani wa pili, anatafuta watu. Dukani alikuwepo mteja wangu mmoja, mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, mnene kuliko mimi, anayekuja kwangu kwa lifti ya ghorofa moja. Bahati alimweleza yote, ngazi, kijito, jinsi ya kutazama mkono. Akamwomba aje. Akamwomba na binti aliyeleta sketi, ambaye alikuwa hata hajakaa. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya mashine, mguu umesimama kwenye pedali, sishoni, nasubiri zamu yangu ifike. Nilishapanga hata jibu.

Bahati aliichukua suruali niliyokwisha kuishona, akauvuta mshono akaona umeshika.

"Asante, Fundi," akasema, akamaliza chai yake, akaenda kazini.